Kamera ya Kapinga na Msalaba wa Safu ya Tatu

Kapinga hakuwahi kutupa kamera. Simu zilipoingia Kolwezi, mji wetu wa migodi huku Kongo, na kila mtu akajifanya mpiga picha, wenzake wa mtaa wa Manika walifunga studio zao mmoja mmoja. Huyu akaingia biashara ya makaa, yule akanunua pikipiki ya teksi. Yeye alibaki palepale nyuma ya soko, kwenye chumba chake chenye pazia la bluu na kiti cha kuzunguka, akipiga picha za pasipoti, za komunyo ya kwanza na za arusi. Kamera mbovu za wale waliofunga alizikusanya kwenye sanduku la mbao chini ya meza. Ukimwuliza za nini, alikuambia zina kazi. Ukiuliza kazi gani, alikupa kisogo.

Ni mama wa miaka arobaini na minane, mfupi, mwenye sauti inayovuka barabara bila kubisha hodi. Alizaliwa Musonoi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi, lakini ufundi wake aliupata mbali. Mwaka 1993, Wakasai, watu wa asili ya Kasai kama wao, walipofukuzwa Katanga, yeye na mama yake, Ndaya, walipanda treni wakiwa na godoro moja na masufuria mawili, wakaenda Mbuji-Mayi, mji waliokuwa wakiusikia tu. Huko Kapinga alianza kwa kufagia studio ya mzee mmoja, kisha akamshikia taa, kisha akamshinda kazi. Walirudi Kolwezi mwaka 2003. Baba hakuwa kwenye treni, si ya kwenda wala ya kurudi: Tshimanga, fundi wa mitambo, alikuwa amelala kwenye makaburi ya Musonoi tangu mwaka 1990.

Basi, mambo ya kamera yenyewe yalianzishwa na Darlène, binti wa Kapinga aliyeolewa Lubumbashi. Siku moja alimtumia mama yake picha kwenye simu: maarusi wamesimama chini ya miti, na miti yote ni myeupe pe, majani na matawi, kama nchi ya theluji. Chini ya picha Darlène aliandika kwamba si theluji, ni kamera tu iliyogeuzwa ili ione infrarouge.

Kapinga hakulala na swali. Aliuliza, akasoma, akatazama video mpaka vocha ikaisha, na alipoelewa alikasirika. Kumbe majani mabichi hurudisha kwa wingi mwanga fulani ambao jicho la mtu haliuoni. Kumbe kila kamera ya dijitali ina uwezo wa kuuona mwanga huo, ila mtengenezaji ameweka kioo kidogo mbele ya jicho la ndani ili kuuzuia. Miaka yote hiyo alikuwa akishika kitu kilichofungwa macho makusudi! Aliona kama ametukanwa yeye mwenyewe.

Alifungua sanduku la mbao akatoa kamera kongwe kuliko zote, ya megapikseli sita, nzito kama tofali, kwa sababu alisoma kwamba za zamani ndizo hugeuzwa kwa urahisi. Alitandika shuka jeupe mezani ili skrubu isipotee. Alitoa betri, akatoa kadi, akaanza kufungua. Kila skrubu aliibandika kwenye karatasi yenye gundi, na pembeni akachora ilikotoka, maana skrubu za kamera zinafanana kwa nje na zinatofautiana kwa urefu, na ukikosea moja unaitoboa roho ya mashine. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka kidole chake kilipogusa waya wa flashi. Flashi huhifadhi umeme hata betri ikiwa nje. Alijua. Alikuwa amewaonya wenzake kwa miaka ishirini. Ilimpiga teke lililomrusha na kiti chake mpaka ukutani, na muuza sukari wa jirani alisikia tusi la Kiluba ambalo hakuwa amelisikia tangu bibi yake afariki.

Aliinuka, akapuliza kidole, akaendelea. Umeme wa mtaa ukakatika, naye akaupasha moto msumari wa kulehemu kwenye jiko la mbabula, kwa makaa yaleyale ya kupikia ugali wa bukari, akatenganisha nyaya mbili zilizokuwa njiani. Chini kabisa alikikuta: kioo chembamba, kidogo kama stempu, chenye rangi ya maji ya ziwa. Alikinyanyua kwa ncha ya wembe. Akafunga kila kitu, akapiga picha ya kwanza, na picha ikawa ukungu mtupu.

Hapo mwingine angekata tamaa. Kapinga alijikuna kichwa, akafikiri, akagundua kosa: kioo kile, pamoja na ubaya wake, kilikuwa kikiupindisha mwanga kidogo ufike unapotakiwa. Kukiondoa bila kuweka kingine ni kama kung'oa ngazi moja ukategemea kufika juu. Alikwenda zahanati akaomba kile kipande cha kioo ambacho hupakwa damu ya kupima malaria, akakikata kwa kipimo cha kile cha zamani, akakiweka mahali pake. Kisha akafungua makabati ya studio, akatafuta negativu za zamani, akakata kile kichwa cha filamu kilichoungua na mwanga kikawa cheusi tititi. Negativu nyeusi huuzuia mwanga wa kawaida lakini infrarouge hupita. Aliikunja mara mbili, akaifunga mbele ya lenzi kwa mpira, akatoka nje saa sita mchana.

Mparachichi wa jirani ulikuwa mweupe kama umemwagiwa unga wa mihogo. Anga lilikuwa jeusi. Kapinga alipiga kelele mpaka watu wakadhani ni mwizi.

Mtu wa kwanza kupigwa picha alikuwa mama yake. Ndaya ana miaka sabini na sita, na tangu afiwe hajaacha kuvaa nguo nyeusi siku za misa. Alikaa kwenye kigoda mbele ya studio, akanyoosha mgongo, akatoa uso wake wa picha. Kapinga alipomwonyesha, bibi akaruka.

"Kapinga, njo nini hii? Mi nalivaa nguo ya nyeusi, we unanivalisha ya mariée? Baba yako akiniona kule atasema mi naliolewa tena!"

"Maman, si mi. Njo kamera. Rangi ya kitambaa inapotea, haiioni."

"Basi uifunge macho tena."

Kweli, nguo nyeusi ilikuwa imegeuka nyeupe kama ya ubatizo. Lakini Kapinga aliona kitu kingine nyuma ya bibi. Juu ya mlango palikuwa na kibao cha bati alichokikuta alipoinunua nyumba ile, kimekula kutu chote, na hakuna aliyewahi kujua kiliandikwa nini. Kwenye picha kutu ilikuwa imefifia ikawa kijivu cheupe, na herufi za rangi nyeusi zilikuwa zimesimama: COIFFEUR. Kumbe palikuwa kwa kinyozi! Alicheka, akakiacha, akaanza kuwatangazia maarusi habari ya theluji ya Kolwezi.

Wiki mbili baadaye ikafika Agosti mosi, Alhamisi. Siku hiyo kwetu ni siku ya wazazi: asubuhi unawasafishia kaburi wale waliolala, mchana unakula na wale walio hai. Kapinga na Ndaya walikwenda Musonoi na majembe, kama kila mwaka tangu warudi. Njia yao waliijua kwa kichwa: kutoka barabarani, safu ya tatu, msalaba wa tano. Bamba la bati lililochomelewa kwenye msalaba lilikuwa jekundu kwa kutu na vumbi, halisomeki tangu zamani, lakini Ndaya hakuhitaji kusoma. Alilima majani, akamwaga maji, akaanza kumpasha mumewe habari za mwaka mzima: nani kazaa, nani kagombana na nani, na kwamba mtoto wake sasa anapaka miti chokaa kwa kamera.

Hajamaliza, akaja kijana mwenye daftari na kofia ya njano. Alikuwa anaitwa Jeancy, karani wa kamati ya kuhamisha makaburi, maana shimo la mgodi lilikuwa likisogea na wafu wa Musonoi walitakiwa kupelekwa uwanja mpya.

"Bamama, batata, musikie," alisema. "Mwisho ni siku ya posho. Kaburi yenye jina inasomeka ao yenye iko na karatasi, tutaandika jina kwa musalaba mupya. Yenye haina, tutaiweka numero."

Siku ya posho ni Jumamosi. Yaani kesho kutwa. Karatasi ya mazishi ya Tshimanga ilikuwa imeliwa na mchwa wakiwa Mbuji-Mayi. Ndaya alisimama na jembe lake.

"Numero? Tshimanga alifanyaka kazi na numero myaka makumi mbili. Ile numero njo balikuwa banamuitia hata kwa kulipwa. Sasa anapumuzika, munataka kumurudishia numero?"

Jeancy aliinamisha kichwa. Aliwaonyesha orodha ya paroisse, ile ya kanisani: majina mia tatu na zaidi ya waliozikwa pale, na Tshimanga alikuwemo. Lakini orodha haikusema nani amelala wapi, na tayari familia mbili zilikuwa zimegombea kaburi moja. Bila jina kuonekana, alisema, mkono wake umefungwa.

Walirudi nyumbani na majembe yao. Walipofika mlangoni Kapinga aliinua macho akakitazama kibao cha kinyozi. Alisimama hapo mpaka mwenye pikipiki akampigia honi.

Jumamosi asubuhi alikuwa Musonoi na kamera yake shingoni, miguu mitatu ya kuisimamishia begani, na betri zote alizokuwa nazo. Makaburi yalijaa watu. Jeancy alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatabasamu lile tabasamu la kumstahi mtu mzima.

"Mama, bile bitu bya telefone tunabijua. Mutu anaweza kuandika mwenyewe jina yenye anapenda."

"Chagula musalaba," Kapinga alimwambia. "Yenye mi sijue ni ya nani. We mwenyewe ushike kamera."

Kijana alichagua bamba bovu kuliko yote, mwisho kabisa wa safu ya pili. Kapinga alilifuta vumbi kwa kitambaa, akasimamisha kamera, akamwachia Jeancy abonyeze. Picha ilitoka ya rangi ya zambarau, na ndani yake, wazi kama kwenye daftari la shule: ELISE MWADI 1986. Jeancy alipitisha kidole kwenye orodha yake, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kidole kikasimama. Alitazama orodha, akatazama bamba, akamtazama Kapinga, na akavua kofia.

Watu walianza kusogea. Kapinga, kifua mbele, alihamisha kamera mpaka safu ya tatu, msalaba wa tano. Ndaya alisubiri hatua kumi nyuma, mikono imeshika kitambaa cha kichwa. Jeancy alikuwa bado anaandika Elise. Kapinga alibonyeza, akainama kwenye kioo.

NGOY LOUIS 1988.

Alifuta bamba tena, akapiga tena. NGOY LOUIS 1988. Alipiga mara ya tatu, kwa upande mwingine, na Ngoy Louis hakuondoka.

Hakuna mwingine aliyekuwa ameona. Angetamka neno moja, Tshimanga, na mama yake angerudi nyumbani akiimba, na kamati ingeandika, na dunia isingejua kamwe. Kapinga alilifikiria hilo, tusimpambe. Theluji ya uongo alikuwa amewauzia maarusi bila aibu yoyote. Lakini jina la marehemu si theluji, na baba yake alikuwa mahali fulani katika majani yale, na kama angempa jina lake mtu mwingine, baba angebaki na namba.

"Soma," Ndaya alisema kutoka nyuma.

"Maman..."

"Soma, nasema."

"Ngoy Louis."

Kila aliyekuwa pale alijua Ngoy ni jina la upande gani. Ni la watu wa kaskazini ya Katanga. Mwaka ule wa treni, wenye majina kama hayo ndio waliobaki mjini, na wenye majina kama Tshimanga ndio waliobeba magodoro. Ndaya alikuwa amemlimia Ngoy Louis majani miaka ishirini na mmoja, akamwagia maji, akamweleza siri za nyumba.

"Sasa yote ile mi nalikuwa nasema," aliuliza polepole, "nalikuwa naambia nani?"

Kapinga alihisi aibu inampanda mpaka masikioni, kana kwamba yeye ndiye aliyemzika vibaya. Kisha aibu ikageuka hasira, na hasira kwake daima hugeuka kazi. Aliibeba kamera akaenda safu ya kwanza, ile iliyo karibu na barabara, akaanza kusoma mabamba. 1995. 1994. 1996. 1994. Hakupata hata moja la zamani zaidi. Alisimama wima akapiga paja lake. Safu ile haikuwepo walipoondoka! Watu walikuwa wamezikwa kati ya barabara na safu ya zamani wakati wao wakiwa Mbuji-Mayi. Waliporudi wakahesabu tatu kutoka barabarani, wakasimama safu moja mbele ya Tshimanga.

Alikwenda nyuma, safu ya nne, msalaba wa tano. Huko majani yalifika kiunoni na msalaba ulikuwa umelala ubavu. Aliyakanyaga majani, akaliinua bamba kwa goti, akapiga picha. Herufi za kwanza alizoziona ni TSH, na hakuweza kusoma zilizobaki mpaka alipofuta macho. TSHIMANGA 1990. Na chini yake, kwa herufi zilizo ndogo zaidi, za mtu aliyejua kuandika: MÉCANICIEN, fundi wa mitambo.

"Maman!" aliita, na sauti yake ilifika Manika. "Eko hapa! Papa eko hapa!"

Ndaya alikuja na jembe. Hakulia. Alianza kulima papo hapo, kwa nguvu ambayo hakuna aliyejua anayo, na alipofika kwenye udongo mtupu aliegemea mpini.

"Tshimanga, pardon," alisema. "Nalikuwaka hapa tu karibu."

Watu walicheka huku wanajipangusa, na baada ya hapo hakuna aliyemwacha Kapinga apumue. Walipanga mstari. Mama mmoja alimvuta mkono huku, baba mmoja alimvuta kule, na zile familia mbili zilizogombea kaburi moja ziliambiwa kwamba hapo amelala mtu wa tatu kabisa, zikaachana na ugomvi. Mpaka saa tisa alikuwa amesoma mabamba sitini na mawili. Mengine yalikataa, rangi ilikuwa imebanduka yote, na hayo alikiri hadharani kwamba hayawezi. Jeancy aliacha kumwita mama, akaanza kumwita Maman Ingénieur, na Kapinga hakumkataza. Kwa nini amkataze? Wahandisi waliokuja na mashine za kuchimba hawakuwa wameweza kusoma hata bamba moja.

Jua lilipoanza kulegea, Jeancy alikaa kwenye kreti ya bia akajaza fomu. Tshimanga, fundi wa mitambo. Mwenye kumchukua, mke wake. Alimpa Ndaya nakala, akashukuru, akafungua ukurasa mwingine. Ndaya hakuondoka.

"Na Ngoy?"

Jeancy alitazama orodha. Hakuna mtu wa Ngoy Louis aliyejiandikisha. Sasa jina lake limejulikana, alisema, litaandikwa. Ila wasio na familia wanawekwa pembeni, kule chini, karibu na ukuta.

"Hapana. Mutamuweka pembeni ya Tshimanga. Mi njo nitamuchukua."

"Maman Ndaya, fomu inauliza. We ni nani yake?"

"Nani yake?" Bibi aliweka jembe chini ili azungumze vizuri. "Myaka makumi mbili na moya mi namulimia. Anajua batoto yangu yote na majina yabo. Anajua mwenye nagombana naye na juu ya nini. Hata siku moya hakunifukuza. Andika ndugu."

Kapinga, aliyesifiwa tangu asubuhi mpaka masikio yakachoka, alimtazama mama yake akiwa na vumbi mpaka magotini, na akajivunia yeye kuliko sifa zote hizo. Jeancy aliandika ndugu. Ndaya alichovya kidole gumba kwenye wino, akabonyeza fomu ya Tshimanga, akachovya tena, akabonyeza ya Ngoy.